Kuzunguka Mont Blanc kwa miguu na marafiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka, sikukuu zikikaribia kwisha, watu huanza kuniuliza kuhusu safari ya vijiji vya Alps: begi mgongoni, marafiki wanne au watano, kulala kijiji hiki leo na kile kesho. Njia ninayoipendekeza kwa wanaokwenda mara ya kwanza ni ile inayouzunguka mlima Mont Blanc, ambayo Wafaransa wanaiita Tour du Mont Blanc. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara, nami nimeyajibu kwa kirefu pale panapostahili.

Je, tunapanda Mont Blanc wenyewe?

Hapana, mnauzunguka. Kilele chake, chenye mita 4,800 na ushei, ni cha wapandaji wenye kamba, viatu vya meno na mwongozaji. Watu wa kwanza kukifikia walitoka Chamonix, kijiji kilicho chini yake: daktari Michel-Gabriel Paccard na mtafuta mawe ya thamani Jacques Balmat, tarehe 8 Agosti 1786. Mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alikuwa ametangaza zawadi tangu 1760 kwa atakayepata njia ya kufika juu.

Ninyi mtatembea kilomita 170 hivi kupitia nchi tatu: Ufaransa, Italia na Uswisi. Wengi huanzia Les Houches, jirani na Chamonix, na kuzunguka kinyume na mwendo wa saa. Kila bonde linatenganishwa na jingine na mgongo wa mlima, na pale panapovukika ndipo njia inapopita. Mahali hapo nitapaita kipito. Kwa hiyo siku ya kawaida ni kupanda mita 800 hadi 1,000 kufikia kipito, kisha kushuka karibu kiasi hicho hicho hadi kijiji kinachofuata. Mapando yote ya safari nzima yakijumlishwa yanafika kama mita 10,000.

Nimeshapanda Kilimanjaro. Hii itanisumbua kweli?

Kwa hewa, hapana. Vipito vya juu kabisa havizidi sana mita 2,600, na usiku utalala kati ya mita 1,000 na 2,200. Kichwa kinachogonga na tumbo linalokataa chakula, vile unavyovikumbuka kutoka Kibo, hapa ni nadra.

Kwa mwili, ndiyo, itakusumbua, na kwa namna usiyoizoea. Kilimanjaro unatembea na kibegi chepesi, wapagazi wamebeba hema, chakula na maji, na mwongozaji anakuambia pole pole. Hapa hakuna mpagazi. Hakuna geti wala ada ya hifadhi, na sheria haikulazimishi kuwa na mwongozaji. Kila unachokihitaji kiko mgongoni mwako, na anayeamua mwendo ni ninyi wenyewe. Isitoshe, Kilimanjaro mnashuka mara moja mwishoni. Hapa mnashuka kila siku. Magoti ndiyo yanayolia kwanza. Anza mazoezi miezi mitatu kabla, ukipanda na kushuka ngazi au kilima ukiwa na begi lenye uzito uleule utakaoubeba, na nunua fimbo mbili za kutembelea. Anayezicheka siku ya kwanza huwa anaomba kuazimwa siku ya tatu.

Tutenge siku ngapi?

Kumi na moja za kutembea, na moja ya kupumzika Courmayeur, upande wa Italia. Utasoma kwamba watu wanamaliza kwa siku saba, na ni kweli. Kuna hata mbio za kila mwisho wa Agosti, UTMB, zilizoanza 2003, ambazo mabingwa wake humaliza mzunguko kwa chini ya siku moja. Lakini swali la kundi la marafiki ni tofauti. Msiulizane nani ana nguvu. Ulizaneni ni nani kati yetu atakuwa nyuma, na mpange kila siku kwa mwendo wake.

Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalovunja makundi, kuliko mvua na kuliko pesa. Wenye mwendo wanatangulia, wanakaa kwenye kipito nusu saa wakisubiri, na aliye nyuma akifika tu wanasimama waondoke. Wao wamepumzika, yeye hajapumzika hata dakika. Ikifika siku ya nne huyo mtu hasemi tena, anatembea kichwa chini. Dawa yake ni rahisi: aliye mzito atangulie mbele, hasa saa mbili za kwanza za asubuhi, na mapumziko yahesabiwe tangu yeye alipokaa chini. Na kabla hata ya kukata tiketi, kaeni mseme wazi: nani ana goti bovu, nani ana pumu, nani anaogopa kimo. Karibu na Argentière, upande wa Ufaransa, kuna sehemu ya ngazi za chuma zilizopigiliwa ukutani mwa mwamba. Anayeogopa kimo ni bora ajue mapema, maana ipo njia nyingine ya kuzizunguka.

Twende mwezi gani?

Nyumba nyingi za wageni za mlimani hufunguliwa katikati ya Juni na kufungwa katikati ya Septemba. Juni bado kuna theluji kwenye vipito kama Col du Bonhomme (mita 2,329), na theluji ngumu ya asubuhi kwenye mteremko si mahali pa mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Julai maua yamejaa na watu pia. Epukeni siku zinazozunguka tarehe 15 Agosti, ambayo ni sikukuu Italia na Ufaransa, na wiki ya mwisho ya Agosti kwa sababu ya zile mbio. Mimi nachagua wiki ya kwanza ya Septemba: hewa imetulia, vyumba vimepungua msongamano, na wenyeji wana nafasi ya kuzungumza.

Nchi tatu: visa ngapi, na tuombe wapi?

Visa moja ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye visa ya pamoja. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen, kwa hiyo mipakani juu ya milima hamtakuta askari wala kibanda cha mhuri. Mtakuta rundo la mawe na kibao. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anaihitaji, na pia ndugu zetu wanaoishi Uingereza kwa pasipoti hizo. Anayeishi Ujerumani au Ubelgiji kwa kibali cha ukaazi hahitaji nyingine.

Kuhusu mahali pa kuomba, kanuni ni kwamba unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Hesabuni usiku kwa usiku. Katika ratiba ya siku 11, kwa kawaida mnalala Les Contamines na Les Chapieux (Ufaransa), Elisabetta, Courmayeur na Bonatti (Italia), La Fouly, Champex na Trient (Uswisi), kisha Tré-le-Champ na Flégère (Ufaransa tena). Ongezeni usiku wa kabla ya kuanza na wa baada ya kumaliza, Ufaransa inaongoza, kwa hiyo mnaomba Ufaransa hata kama ndege inatua Geneva. Mkiongeza siku ya mapumziko Courmayeur, Italia inafika usiku nne, na Ufaransa bado inaongoza kwa sita. Chapisheni jedwali hilo, tarehe moja kwa kila mstari, na jina la nyumba mtakayolala. Afisa anayepokea maombi yenye majina kumi ya malazi bila maelezo atadhani mmechanganya mambo. Jedwali linamwonyesha safari nzima.

Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Bima ya afya isiyopungua euro 30,000 ni lazima, na hapa someni maandishi madogo: hakikisheni inataja uokoaji wa milimani na kutembea hadi mita 3,000. Uswisi, helikopta ikija kukuchukua, ankara inakuja kwako.

Tunalala wapi, na ni lazima kuweka nafasi?

Ni lazima, na mapema kuliko mnavyofikiri. Nyumba zilizo maarufu huanza kupokea maombi kati ya Oktoba na Januari kwa ajili ya kiangazi kinachofuata, na zile chache za upande wa Italia hujaa kwanza. Anzeni na hizo, kisha mpange nyingine kuzizunguka. Watu wanne ni idadi nzuri. Kundi la wanane litapata taabu kupata vitanda vinane usiku mmoja mahali pamoja.

Vijijini kuna nyumba za wageni za kawaida, lakini kule juu mtalala katika nyumba za mlimani: refuge kwa Kifaransa, rifugio kwa Kiitaliano. Anayefika mara ya kwanza hushangaa utaratibu wake. Buti zinavuliwa mlangoni na kupangwa kwenye chumba chake, unapewa ndala. Kitanda ni nafasi katika bweni, pengine mnalala kumi na mbili safu moja, blanketi na mto vipo, lakini shuka ni yako, ile iliyoshonwa kama mfuko. Bila hiyo wengi hawakukubali. Maji ya moto ya kuoga hulipiwa kwa sarafu ya pekee na yana dakika zake. Saa moja jioni kengele inagongwa, kila mtu anakaa alipoelekezwa, na bakuli kubwa la supu linapita mkono kwa mkono kati ya watu wasiojuana. Mwenye bakuli anampakulia jirani kabla ya kujipakulia. Saa nne usiku taa zinazimwa. Kama umezoea kupiga soga hadi usiku wa manane, toka nje kwenye benchi. Bwenini kuna watu wanaoamka saa kumi na moja alfajiri.

Kati ya zote naipenda Rifugio Bonatti, kwenye mita 2,025, iliyopewa jina la mpandaji mashuhuri Walter Bonatti. Ukifungua dirisha unatazamana na ukuta wa Grandes Jorasses bonde zima likiwa katikati yenu.

Kulala kwenye hema kunawezekana, lakini sheria zinatofautiana kila mnapovuka mpaka. Uswisi na Italia tafuteni kambi rasmi. Ufaransa baadhi ya hifadhi zinaruhusu hema kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu asubuhi, mahali palipotajwa tu. Kwa kundi la mara ya kwanza sioni faida ya kuongeza kilo tatu mgongoni.

Vijiji vipi tusivipite haraka?

Notre-Dame de la Gorge, mwisho wa bonde la Les Contamines: kanisa lililopambwa kwa rangi na dhahabu, na mara tu baada yake njia inapanda juu ya mawe yaliyolazwa ambayo wenyeji wanaiita barabara ya Warumi. Les Chapieux ni nyumba chache tu, lakini ng'ombe wa malisho ya hapo ndio wanaotoa maziwa ya jibini ya Beaufort; nunueni kipande cha kula njiani. Dolonne, kabla tu ya Courmayeur, ina vichochoro vyembamba na mapaa ya vibao vya mawe mazito yanayobeba theluji ya miezi mingi. Trient ina kanisa la waridi ambalo mtaliona kutoka mbali mkiwa bado mnateremka.

Lakini kama ningeambiwa nichague siku moja tu, ningechagua ile ya La Fouly hadi Champex, ambayo vitabu vingi vinaiita siku nyepesi na wengine wanairuka kwa basi. Msiiruke. Ni siku ya kutembea katikati ya maisha ya watu. Pale Praz-de-Fort mtaona ghala za zamani za nafaka, za magogo yaliyogeuka meusi kwa jua, zimesimama juu ya miguu mifupi. Kati ya kila mguu na sakafu kuna jiwe bapa la mviringo, pana kuliko mguu wenyewe. Panya akipanda mguu anafika chini ya jiwe na hana pa kushika. Kuni zimepangwa ukutani kwa ustadi, ncha zote sawasawa. Kwenye kona kuna hori refu la gogo, bomba linamwaga maji usiku na mchana. Jazeni chupa hapo, isipokuwa kibao kikisema *eau non potable*, yaani hayanyweki. Huenda mkakuta meza ya jamu na asali mbele ya nyumba, bei imeandikwa, kisanduku cha pesa kipo, mwenyewe hayupo. Wekeni pesa kamili.

Na salimieni. Huku vijijini, tofauti na miji mikubwa ya Ulaya, mtu anayepishana nawe njiani anakusalimia, na asiyejibu anaonekana hana adabu. *Bonjour* Ufaransa na Uswisi ya upande huu, *buongiorno* Italia. Mkitaka kupiga picha ya bustani ya bibi aliye kibarazani, mwombeni kwanza, kama mngefanya Lushoto au Lamu.

Chakula kikoje? Mimi ni Mwislamu.

Utakula, lakini uliza. Tartiflette, chakula maarufu cha Savoie (upande wa Ufaransa) cha viazi na jibini ya reblochon, huwekwa vipande vya nguruwe. Fondue, jibini iliyoyeyushwa ambayo mnachovya mkate, hupikwa kwa divai nyeupe, na mikate ya kuokwa na jibini ya Uswisi mara nyingi hulowekwa divai pia. Raclette, jibini ya kuyeyusha na viazi vya kuchemsha, kwa kawaida haina divai ndani yake, ila sahani ya nyama za nguruwe huja kando. Polenta ya Italia ni ugali wa mahindi ya manjano, na mtu wa kwetu anaushiba vizuri. Unapoweka nafasi andika "chakula cha mboga, bila nguruwe, bila pombe ndani ya chakula", kwa sababu nyumba ya mlimani hupika chungu kimoja, na ukisema jioni ile wakati supu iko mezani mpishi hana la kufanya. Nyama ya halali usiitegemee njiani. Beba tende, njugu na dagaa wa kopo.

Kwa sala, kibla ni kusini-mashariki. Mwezi Julai jua huzama baada ya saa tatu usiku, na isha inaingia wakati taa za bweni zimeshazimwa. Rukhsa ya msafiri ya kuunganisha sala ina maana kubwa hapo. Wenye nyumba wakiombwa pembe tulivu hutoa bila neno.

Itatugharimu kiasi gani, na pesa tuzishike vipi?

Kitanda, chakula cha jioni na kifungua kinywa katika nyumba ya mlimani ni kama euro 60 hadi 80 kwa mtu Ufaransa na Italia, na Uswisi hupanda hadi faranga 80 au 100. Chakula cha mchana cha kufungiwa hulipiwa zaidi ya hapo. Bebeni pesa taslimu, euro na faranga kidogo, kwa kuwa si kila nyumba ina mashine ya kadi, na mtandao wa simu hukatika mabondeni. Angalieni pia kifurushi cha simu: laini ya Ufaransa inayofanya kazi Italia bila nyongeza inaweza kukutoza vikali ukivuka kuingia Uswisi.

Kati yenu, wekeni kapu moja. Kila mtu anatia kiasi sawa kila mara linapokauka, mmoja anakuwa mweka hazina, na vyote vya pamoja vinatoka humo. Bia, kahawa ya ziada na zawadi kila mtu mfuko wake. Madeni madogo madogo ya "nitakulipa kesho" yanachosha urafiki kuliko mlima.

Begi liwe na nini?

Kilo nane, zikizidi sana kumi pamoja na maji. Buti zilizokwisha kuvaliwa wiki kadhaa, koti la mvua la kweli, sweta nzito, kofia na glavu hata Agosti, nguo seti mbili za kubadilisha, shuka ya mfuko, tochi ya kichwani, plasta za malengelenge, dawa zako, na mfuko wa taka, kwa kuwa taka yako unashuka nayo mwenyewe. Soketi za Ulaya si zile za matundu matatu mapana za kwetu: nunua adapta yenye pini mbili za mviringo. Jinzi ibaki nyumbani, ikilowa haikauki.

Tunaweza kupotea?

Ni vigumu hali ya hewa ikiwa nzuri. Ufaransa fuateni mistari miwili, mweupe na mwekundu, iliyopakwa kwenye miti na mawe. Italia kuna alama za manjano zenye herufi TMB. Uswisi vibao vya manjano vinaandika saa za kutembea badala ya kilomita, bila mapumziko, kwa hiyo kundi letu linaongeza theluthi moja. Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kuondoka kijijini.

Mifugo na mbwa?

Ng'ombe weusi wafupi wenye mabega mapana mtakaowakuta Uswisi ni aina ya Hérens. Majike yao hupigana wenyewe kwa wenyewe kutafuta ukuu, na wenyeji wanayashindanisha kwa shangwe kama watu wa Kakamega na mafahali wao. Msipite katikati ya kundi, hasa penye ndama, na geti mliloliona limefungwa lifungeni tena.

Mbwa mkubwa mweupe anayelinda kondoo, patou, ni jambo la kuchukulia kwa uzito. Amezidi kutumika tangu mbwamwitu waliporudi Alps za Ufaransa mwaka 1992 wakitokea Italia. Akiwakimbilia akibweka, simameni pamoja, shusheni fimbo, msimtazame machoni wala kumpigia kelele. Akishawanusa, zungukeni mbali na kondoo taratibu. Anayekimbia anamfanya aone adui.

Radi, au mtu akiumia?

Radi za kiangazi huja alasiri. Tokeni saa moja asubuhi ili kipito kiwe nyuma yenu kabla ya saa sita mchana. Mkiona mawingu yanarundikana juu kama mnara, msipande. Simu ya dharura nchi zote tatu ni 112. Helikopta ikitokea, mikono miwili juu ni "tunahitaji msaada". Mmoja juu na mmoja chini ni "hapana". Msiipungie kwa furaha.

Mmoja wetu akishindwa kuendelea?

Hapa ndipo vijiji vinaposaidia. Karibu kila siku mnamaliza au mnapita penye usafiri. Kuna mabasi ya kiangazi katika mabonde ya Val Veny na Val Ferret upande wa Italia, basi la La Fouly kushuka Orsières na jingine la kupanda Champex, na treni kati ya Les Houches, Chamonix na Argentière. Kutoka Courmayeur basi (handaki likiwa halijafungwa kwa matengenezo) linapita ndani ya mlima kwa handaki la kilomita 11.6 lililofunguliwa 1965 na kumtoa Chamonix. Pia zipo huduma za gari zinazobeba mabegi kutoka malazi hadi malazi pale barabara inapofika, kwa hiyo mwenye goti bovu anaweza kutembea mikono mitupu badala ya kuacha kabisa. Akipanda basi, mmoja wenu apande naye. Tiketi mbili zitoke kwenye kapu, mkutane jioni mezani.